Mtini wa Mwaka Mmoja Zaidi: Subira ya Mungu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Rhamu ni mji mdogo wa Kaunti ya Mandera, ukingoni mwa mto Daua unaoitenga Kenya na Ethiopia, ambako karibu wenyeji wote ni Waislamu, na Wakristo waliopo kwa kawaida ni walimu, polisi na watumishi wa serikali waliokuja kikazi na ambao huondoka barua ya uhamisho ikifika. Historia ya fundisho la Kikristo kuhusu subira ya Mungu kwa wenye dhambi haiwezi kuandikwa hapa kwa kuhesabu makanisa na ubatizo. Inabidi ifuatwe katika eneo zima, tangu Mandera hadi Garissa, kwa kuuliza ni nani aliyehitaji kusamehewa, na kwa kosa gani.

Fundisho lenyewe linasema kwamba Mungu huichelewesha hukumu, si kwa kuipuuza dhambi, bali ili mkosaji apate muda wa kutubu, yaani kuiacha njia mbaya na kumrudia. Injili ya Luka inalieleza kwa mfano wa mtini usiozaa, ambao mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Kanisa la Afrika lilibishania mipaka ya subira hiyo mapema sana: mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru raia watoe sadaka kwa miungu ya Roma, Wakristo wengi wakatii kwa hofu au wakanunua vyeti vya kuonyesha kwamba wametii, na mateso yalipopungua wakaomba kurudi kanisani. Novatian, padri wa Roma, alikataa wapokelewe tena. Cyprian, askofu wa Karthago, alishika njia ya kati iliyodai toba ya kweli na uchunguzi wa kila kosa, lakini haikumfungia mlango aliyeanguka.

Huku Kaskazini Mashariki Ukristo ulichelewa, na ulipofika ulikuwa na sura ya dola. Waingereza waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, lisiloingiwa bila kibali, na baada ya uhuru vilifuata vita vya shifta, ambamo Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia walipigana na serikali ya Nairobi hadi 1967. Sheria za hali ya hatari ziliendelea hata baada ya vita hivyo, na Juni 1977, muda mfupi kabla ya vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia, Rhamu yenyewe ilishambuliwa na majeshi ya Somalia. Haishangazi kwamba machoni pa wenyeji wengi Mkristo alikuwa kwanza mtu wa bunduki na sare.

Sura hiyo ilibadilishwa kwa sehemu na mwanamke mlei, yaani asiye mtawa, Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Forlì, Italia, aliyefika Kenya mwaka 1969 kama mwalimu na kuishia Wajir akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Tatizo lilikuwa kwamba mfugaji wa kuhamahama akipata nafuu hufuata mifugo yake, akaacha dawa kabla ya kupona. Tangu 1976 Tonelli aliwakaribisha wagonjwa wajenge vibanda vyao vya fito na mikeka katika manyatta karibu na kituo, kila mmoja akimeza dawa zake mbele ya mhudumu, siku baada ya siku, kwa miezi sita. Hakumdai yeyote abadili dini. Huenda hakuna mahali pengine katika eneo hili ambapo mtini ule wa Luka ulipaliliwa kwa uaminifu zaidi.

Februari 1984 wanajeshi wa Kenya waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakawazuia kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema waliokufa walikaribia 1,000. Tonelli aliwatafuta majeruhi, akasaidia kuzika maiti na kuifikisha habari nje ya nchi, na mwaka uliofuata alilazimishwa kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003. Msimamo wake unalirudisha fundisho mahali pake, kwani huruma isiyotaja kosa humwacha mwuaji bila toba na aliyefiwa bila haki, na hata Cyprian hakuwapokea walioanguka kabla ya ungamo.

Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni tarehe 26 Machi 2015 kwa maovu ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wiki moja baadaye, siku ya Alhamisi Kuu, wapiganaji wa al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwatenga Wakristo, na swali la nani amsamehe nani likageuka ghafla. Desemba mwaka huohuo basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, kusini mwa Rhamu. Abiria Waislamu waliwapa Wakristo hijabu zao na wakakataa kutengwa nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016, na taifa likamtunukia nishani baada ya kifo chake. Mwanatheolojia wa Kikristo anayeandika juu ya rehema katika eneo hili analazimika kumweka Muislamu huyo katikati ya ukurasa wake.