Chuma kwa Watoto wa Pemba: Utafiti Uliobadili Mwongozo wa Dunia

Vidonge vya madini ya chuma ni miongoni mwa dawa kongwe ambazo hadi leo hutolewa kliniki. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliwanywesha wagonjwa waliopauka mvinyo uliolowekwa vumbi la chuma. Karne iliyofuata Mwitalia Vincenzo Menghini alikausha damu na kuichoma, akapitisha sumaku juu ya majivu yake, na chembe zikanasa. Kufikia miaka ya 1830 Mfaransa Pierre Blaud alikuwa ametengeneza vidonge vya chuma vilivyowarudishia wasichana nguvu na rangi ya uso. Tangu hapo hoja ilionekana imekwisha: damu ikipungua, mgonjwa apewe chuma.

Hata hivyo, tahadhari nayo ni ya zamani. Armand Trousseau, daktari mashuhuri wa Paris wa karne ya 19, aliwaonya wenzake wasiwape chuma wagonjwa wa kifua kikuu kilichotulia, kwa sababu ugonjwa ungeweza kuamka. Sababu yenyewe ilianza kueleweka miaka ya 1940 nchini Marekani, pale Arthur Schade na Leona Caroline walipoonyesha kwamba majimaji ya damu yana protini inayokishika chuma na kuwanyima vijidudu. Bakteria huhitaji chuma ili kuzaliana, sawa na mwili wenyewe. Vimelea vya malaria navyo havizaliani bila chuma.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mwaka 1974. Madaktari Masawe, Muindi na Swai wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa waliopungukiwa damu kwa kukosa chuma walikuwa na maambukizi machache ya bakteria kuliko wenye upungufu wa damu wa aina nyingine, na kwamba malaria ilizuka mara nyingi baada ya kuanza kutibiwa kwa chuma. Miaka minne baadaye yakaja matokeo ya wafugaji wa Kisomali 138 waliopungukiwa chuma. Kwa siku 30 baadhi yao walipewa chuma na wengine vidonge visivyo na dawa. Kundi la chuma lilipata maambukizi 36, yakiwemo malaria na kifua kikuu. Kundi la pili lilipata 7. Utafiti ulikuwa mdogo na wengi waliutilia shaka, lakini pengo kati ya 36 na 7 si la kupuuzwa.

Upande wa pili wa mizani nao ulikuwa mzito. Mtoto aliyekosa chuma huchelewa kutembea na kusema, huchoka upesi, na upungufu wa damu ukizidi humuua. Huko Ifakara watoto wachanga 832 walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997. Chuma kilichotolewa kati ya wiki ya 8 na ya 24 kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa karibu asilimia 29, na malaria haikuongezeka. Katika kisiwa cha Pemba chenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka mmoja walipiga hatua katika lugha, na wale wenye damu kidogo zaidi walinufaika pia katika viungo.

Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1998 haukuwa uzembe. Ulisema kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umeenea sana, watoto wote wa miezi 6 hadi 24 wapewe miligramu 12.5 za chuma pamoja na mikrogramu 50 za asidi ya foliki kila siku. Hakukuwa na haja ya kumpima mtoto mmoja mmoja, kwa kuwa kupima kulionekana ghali, na chuma kilionekana hakimdhuru mtu. Swali lililobaki lilikuwa kama utaratibu huo ungepunguza vifo, na hilo lilihitaji maelfu ya watoto.

Pemba palifaa. Karibu kila mtoto mdogo alikuwa na upungufu wa damu, safura ilikuwa imeenea, na malaria haikupumzika mwaka mzima. Kisiwa kilikuwa pia na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, karibu na Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu Mwitalia wa vimelea. Watafiti Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wataalamu wa Zanzibar, walianza kazi mwaka 2002. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata chuma na asidi ya foliki, la pili likaongezewa zinki, la tatu likapata kidonge kisicho na dawa. Kidonge kiliyeyushwa katika maji au maziwa ya mama, na wenye umri chini ya mwaka mmoja walipewa nusu. Wala mama wala mfanyakazi wa utafiti hakujua mtoto yupi anakunywa nini.

Tarehe 19 Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa. Kamati huru iliyopewa jukumu la kuchungulia takwimu kabla ya wakati ilikuwa imeona kwamba watoto wanaopata chuma wanalazwa na kufa zaidi. Hesabu kamili, zilizochapishwa Januari 2006, zilionyesha kwamba uwezekano wao wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali ulizidi kwa asilimia 12. Zinki iliendelea kuchunguzwa peke yake. Uamuzi wa kusimamisha chuma unastahili heshima kuliko unavyopewa. Kama vidonge vingegawiwa kisiwani bila kundi la ulinganisho, ongezeko la asilimia 12 lingemezwa na malaria ya kila siku, na hakuna ambaye angelitambua.

Katika toleo lilelile la Lancet yalichapishwa matokeo ya jaribio pacha lililofanyika kusini mwa Nepal, mahali pasipo na malaria nyingi. Huko chuma hakikuongeza vifo wala hakikuvipunguza. Hapo ndipo macho yote yalipogeukia malaria.

Wengi waliishia kusoma nusu ya matokeo ya Pemba. Ndani ya utafiti mkubwa kulikuwa na mdogo, ambamo watoto walipimwa damu tangu mwanzo na waliokutwa wagonjwa wakatibiwa. Humo, watoto waliopungukiwa chuma na damu walipata madhara machache walipopewa vidonge. Hatari ilikuwa kwa mtoto ambaye chuma kilimtosha, akaongezewa kingine huku malaria ikimzunguka bila tiba ya karibu. Mwaka huohuo wa 2006 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema kwamba katika maeneo ya malaria chuma kielekezwe kwa watoto wenye upungufu. Ilikuwa hatua sahihi, lakini ngumu kutekeleza: zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na kipimo cha chuma mwilini, na mipango mingi ikasimama.

Maabara zilikuwa zikifafanua yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligunduliwa homoni ya ini iitwayo hepsidini, ambayo ni bawabu wa chuma: ikipanda, utumbo hufunga mlango na akiba hubaki imefungiwa ndani ya seli. Malaria huipandisha. Mtoto mwenye vimelea basi hunyonya kidogo sana cha kidonge anachopewa, na kinachobaki hushuka tumboni. Utafiti wa watoto wa miezi 6 huko Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba unga wa virutubisho wenye chuma uliongeza bakteria wabaya utumboni. Na huko Muheza, mkoani Tanga, watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walionyesha mwaka 2012 kwamba wenye upungufu wa chuma walipata malaria kali mara chache zaidi. Upungufu huo haupaswi kuitwa kinga ya kutamaniwa, maana humdumaza mtoto kwa njia nyingine.

Kwa mama wajawazito mambo yamekwenda tofauti, na hilo lisemwe wazi ili vidonge vya kliniki visiachwe kwa hofu ya Pemba. Mwaka 2015 jaribio la wanawake 470 magharibi mwa Kenya lilionyesha kwamba miligramu 60 za chuma kwa siku hazikuongeza malaria, na watoto walizaliwa wakiwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Mwaka huohuo utafiti wa wajawazito wa Dar es Salaam ambao hawakuwa na upungufu haukuona ongezeko la malaria katika kondo la nyuma.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 umerudisha chuma cha kila siku kwa watoto wachanga na wadogo pale ambapo asilimia 40 au zaidi wana upungufu wa damu. Kwenye malaria kuna sharti: vyandarua, upimaji na tiba viwepo kwanza. Zanzibar ilianza kutoa dawa mseto ya malaria mwaka 2003, mwaka uleule jaribio liliposimama, kisha vyandarua vikasambazwa, na malaria ikashuka sana. Matokeo kutoka Bangladesh, mwaka 2021, yameongeza swali jingine: watoto wa miezi 8 waliopewa chuma kwa miezi mitatu walipata damu zaidi, lakini maendeleo ya akili yao hayakuzidi ya wenzao wasiopewa.