Kitabu Kinachoingia Chumba cha Mtihani

Katika miaka yangu ya ualimu nilisimamia mitihani mingi, na kazi ya kwanza ya msimamizi ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna aliyeingia na kitabu. Basi mwaka 2019 mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Uingereza na kuniambia, "Mjomba, mtihani nimeshindwa, na kitabu nilikuwa nacho mezani," nilidhani sikusikia vizuri.

Kijana huyu (namwita kijana, ingawa ana mvi) alikuwa fundi umeme kwa zaidi ya miaka 20 kabla hajahamia huko. Nyumba nyingi hapa mtaani zinawaka kwa mkono wake. Lakini kampuni alizoziomba kazi zilitaka cheti cha kanuni za kutandaza nyaya, na bila cheti hicho alikuwa akibeba ngazi za vijana wa umri wa mwanawe. Mtihani wenyewe ni maswali 60 ya kuchagua jibu, kwa saa 2, na mtahiniwa huruhusiwa kuingia na kitabu cha kanuni. Kitabu kina kurasa zaidi ya 500. Mwenye hesabu ataona mara moja kwamba kila swali lina dakika 2 tu, na asiyejua pa kufungua humaliza dakika hizo akiwa bado yuko kwenye faharasa.

Aliniomba nimsaidie kujiandaa. Nilimjibu kwamba mimi umeme siujui. Akasema, "Umeme ninaujua mimi, mjomba. Nifundishe kusoma." Sijawahi kuombwa jambo zito kuliko hilo na mtu mzima.

Nilianza kwa kuitafuta historia ya kitabu, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea: sheria ambayo mtu hajui ilitoka wapi humtoka kichwani upesi. Nikagundua kwamba kilianza kama kijikaratasi. Mwaka 1881 taa za umeme zilikuwa mpya kabisa nchini Uingereza. Mji mdogo wa Godalming ulikuwa umeanza kuuza umeme kwa watu wake, na huko London ukumbi wa michezo wa Savoy ulikuwa ukiwaka taa za Swan. Matajiri nao walitaka majumba yao yawake. Katika Hatfield House, jumba la Lord Salisbury, nyaya za darini zilishika moto na watu waliokuwamo ukumbini wakauzima kwa kuurushia mito ya viti. Mito ile inachekesha. Lakini katika jumba hilohilo, mtunza bustani alikufa kwa kugusa waya.

Waliotangulia kushtuka walikuwa watu wa bima, maana nyumba ikiungua wao ndio walipaji. Mhandisi wa kampuni ya bima ya Phoenix, Musgrave Heaphy, alitunga kanuni zake mwaka 1882. Mwaka huohuo chama cha wahandisi wa simu za maandishi na umeme kikaunda kamati. Humo walikuwamo Crompton, Hopkinson, Preece, na Sir William Thomson ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Wakatoa kanuni za kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Zilikuwa kurasa 4 tu. Katika utangulizi wakasema waziwazi kwamba hatari kubwa hutokana na ujinga na uchanga wa wale wanaouza na kufunga mitambo. Hawakuulaumu umeme wenyewe. Mwalimu hawezi kuisoma sentensi hiyo bila kuketi wima.

Kutoka kurasa 4 hadi 500 ni safari ya miaka 136, na sina nia ya kumchosha msomaji kwa kila toleo. Toleo la 15 la mwaka 1981 lilipangwa upya kufuata mtindo wa kimataifa. Toleo la 16 lilitoka mwaka 1991, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa namba ya viwango vya Uingereza, BS 7671. La 18 lilitoka mwaka 2018 na kuanza kutumika Januari 2019. Hilo ndilo lililomwangusha mpwa wangu. Kitabu chenyewe si sheria ya bunge, lakini fundi aliyekifuata ana cha kuonyesha akifikishwa mahakamani.

Mpango ule wa 1981 ndio uliotuokoa. Namba ya kila kanuni ni anwani. Chukua 411.3.2: tarakimu ya kwanza ni Sehemu ya 4, ya ulinzi wa usalama, mbili za kwanza ni Sura ya 41, ya kujikinga na kupigwa na umeme, tatu ni kifungu 411, cha kuukata umeme wenyewe mara kunapotokea hitilafu. Ukisikia swali la bafuni, nenda Sehemu ya 7, kifungu 701. Bwawa la kuogelea ni 702. Kila jioni ya Jumamosi nilimsomea swali kwa simu, naye kabla ya kujibu alitakiwa anitajie kwanza nyumba ilipo. Wiki za mwanzo alikuwa akinijibu kwa uzoefu: "Mjomba, hapo mimi hufunga hivi." Nilimkatalia. Nilimwambia mtahini hajamuuliza anavyofunga.

Alikasirika mara moja, na hasira yake ilikuwa ya rangi. Sisi tulikulia katika nyekundu na nyeusi: nyekundu ya moto, nyeusi nyutro, na katika umeme wa fezi tatu, nyekundu, njano na bluu. Uingereza ilianza kuziacha rangi hizo mwaka 2004 ili ifanane na Ulaya, na kufikia mwaka 2006 kazi mpya zote zilitakiwa zifuate rangi mpya. Sasa bluu ni nyutro, na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Yaani waya ambao mkono wake ulizoea kuushika kama mtulivu ndio huko unaoua. Katika nyumba ya zamani iliyoongezwa chumba, rangi zote mbili zinakaa pamoja. Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Basi miaka 20 yangu ni hatari." Nilimjibu kwamba nusu yake.

Lazima niseme kwa nini sikuchoka na Jumamosi zile. Chuo nilichokiongoza kiliwahi kuongezewa bweni, na fedha zilikuwa chache. Fundi wa kwanza alidai bei kubwa, wa pili alidai nusu yake, nami nikamchukua wa pili bila kumuuliza cheti chochote. Taa ziliwaka, tukapiga makofi, nikatia saini. Muhula haukwisha, mwanachuo mmoja akapigwa na umeme wa pasi. Aliungua kiganja, na Mungu alimnusuru. Soketi ilipofunguliwa ikaonekana ina matundu matatu na waya mbili. Tundu la ardhi lilikuwa pambo. Katika kitabu kile kuna jedwali, 41.1, linalotaka sakiti kama ile, kwa volti 230 na katika mfumo ulio wa kawaida huko, ikate umeme ndani ya sekunde 0.4 kukitokea hitilafu. Pasipo waya wa ardhi hakuna cha kuiambia fyuzi ikate. Nililijua hilo nikiwa na zaidi ya miaka 65, kwa kumsomea mtu mwingine maswali. Saini yangu naikumbuka, wino wake ulikuwa wa kijani.

Mpwa wangu alirudi kwenye mtihani mwaka huohuo. Alinisimulia kwamba swali moja lilikuwa la soketi za kawaida bafuni, nalo jibu lake wakati ule lilikuwa mita 3 kutoka ukingo wa eneo la 1. Hakufungua kitabu. Marekebisho ya mwaka 2022 yameifanya kuwa mita 2.5, kwa hiyo angejibu hivyo leo angekosa. Lakini siku ile alifaulu, na ngazi sasa anabebewa.

Juzi amenipigia tena. Kuna mtihani mwingine, wa ukaguzi na upimaji, anaoutaka. Ameniuliza kama Jumamosi bado nina nafasi, tuanze na Sehemu ya 6.