Fundi wa kufuli si mwizi, wasee

Juzi hapa Mitunguu mama mmoja wa kioski alipoteza ufunguo asubuhi ya soko, ndizi zimeshaanza kupakiwa kwa lori. Akaitwa fundi. Alikuja na vipande viwili vya chuma, vyembamba kama spoki. Dakika chache tu, kufuli wazi. Unadhani alishukuriwa? Wapi! Minong'ono ilianza hapo hapo: "Na huyu usiku hulala kweli?"

Wacha niwape historia kidogo.

Mwaka 1851 London ilifanya Maonyesho Makuu, kila nchi ikileta mashine zake. Waingereza walikuwa wanaringa na kufuli zao. Ile ya Bramah ilikaa kwa dirisha la duka tangu 1790, na zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeifungua bila ufunguo wake. Miaka 61, hakuna aliyeweza. Akatokea fundi Mmarekani, Alfred Hobbs. Kufuli ya Chubb aliimaliza kwa dakika kama 25. Ya Bramah ilimtoa jasho: karibu saa 51, ndani ya siku 16. Lakini ilifunguka.

Wengine wakalalamika ati anafundisha wezi. Jibu lilikuwa rahisi: wezi walishajua zamani. Aliyekuwa gizani ni mwenye mlango.

Watengenezaji ikabidi warudi kazini. Mwaka 1861 Linus Yale Jr., huko Marekani, alisajili kufuli ya pini na springi, akiboresha wazo la pini lililokuwa kwa kufuli za mbao za Misri ya kale. Kufuli nyingi unazonunua leo zinafuata mtindo huo.

Kwa hivyo, mimi naona tunamshuku mtu asiye na makosa. Hata sheria yetu, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, inalenga anayetembea na vifaa vya kuvunjia na kuibia. Kujua kazi si kosa. Fundi naye afanye sehemu yake: aulize kwanza kama mlango ni wako, tena mbele ya jirani.

Na wewe, kabla ununue kufuli ya bei ya chini ulinde stoki ya mwaka mzima, muulize huyo fundi unayemsengenya: hii ungeifungua kwa dakika ngapi? Afadhali uambiwe na yeye mchana kuliko uonyeshwe na mwizi usiku.