Champagney: Wakulima waliomwandikia mfalme habari za watumwa

Tarehe 19 Machi 1789, wakulima wa kijiji cha Champagney, mashariki ya Ufaransa, walikutana kumwandikia mfalme wao, Louis wa 16, malalamiko yao. Walipofika kifungu cha 29, waliweka kando shida zao wenyewe, wakaandika juu ya watu ambao hawajapata kukutana nao: Waafrika waliokuwa wakitumikishwa katika makoloni ya Ufaransa. Walitaka utumwa wao ukome.

Champagney iko katika mkoa wa Haute-Saône, eneo la Franche-Comté, chini ya milima ya Vosges na kando ya barabara ya kutoka Lure kwenda Belfort. Wengine hulichanganya jina lake na lile la Champagne, jimbo maarufu kwa mvinyo, lakini ni mahali tofauti kabisa. Hapa ni nchi ya misitu, malisho na mabwawa, na mto Rahin unateremka kutoka milimani ukikata bonde. Majira ya baridi huwa makali. Hata leo wakazi wake hawafiki 4,000. Bandari za Nantes na Bordeaux, zilizotajirika kwa biashara ya watumwa, ziko upande wa pili wa nchi, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Watu wa bonde hilo walijua maana ya kutawaliwa. Franche-Comté yenyewe iliingizwa rasmi katika Ufaransa mwaka 1678, kwa mkataba wa Nijmegen. Champagney ilikuwa chini ya abasia ya Lure, na katika jimbo hilo bado kulikuwa na wakulima waliofungwa kwa sheria za kale za mabwana wa ardhi. Mkulima wa namna hiyo akifa bila kuacha mtoto aliyekaa naye chini ya paa moja, mali yake ilichukuliwa na bwana. Mwaka 1779 mfalme alifuta utaratibu huo katika ardhi zake mwenyewe, lakini mabwana wengi wa Franche-Comté, wakiwemo watawa, waliendelea nao hadi Mapinduzi ya Ufaransa.

Kifungu cha 29

Mwaka 1789 hazina ya Ufaransa ilikuwa imekauka, na mfalme akaitisha baraza kuu la matabaka yote, ambalo lilifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei. Kabla ya hapo, kila kijiji kilitakiwa kuandaa daftari la malalamiko. Maelfu ya madaftari hayo yaliandikwa nchi nzima. Mengi yalijaa mambo ya kodi, bei ya chumvi, haki ya kuokota kuni msituni, na mazao kuliwa na wanyama ambao ni bwana peke yake aliyeruhusiwa kuwawinda. Vijiji vya wakulima vilivyotaja utumwa vilikuwa vichache sana, na Champagney ni kimojawapo.

Kifungu chenyewe ni kifupi, lakini kila sentensi ina uzito. Wanakijiji wanasema mioyo yao inachomwa na uchungu wanapowaza mateso ya watu weusi makoloni, binadamu wenzao na ndugu zao katika dini, wanaotendewa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Kisha wanaingia dukani na jikoni. Wanasema hawaamini kwamba mtu angeweza kutumia mazao ya makoloni hayo kama angetafakari kuwa yamemwagiliwa damu ya wenzake. Mazao hayo yalikuwa sukari, kahawa na pamba, bidhaa zilizokuwa fahari ya biashara ya Ufaransa. Halafu wanataja hofu yao: kwamba vizazi vijavyo, vyenye elimu na busara zaidi, vitawashtaki Wafaransa wa karne ile kuwa walikuwa wala watu. Mwisho wanamsihi mfalme atafute njia ya kuwatoa watumwa hao utumwani, wawe raia wa kuifaa nchi.

Fikra hizo ziliwafikiaje? Historia ya kijiji inamtaja Jacques-Antoine Priqueler, mzaliwa wa Champagney aliyekuwa ofisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Huko alikotumikia, mawazo mapya yalikuwa yamepamba moto. Mwezi Februari 1788, Jacques-Pierre Brissot na wenzake walikuwa wameanzisha mjini Paris chama cha Marafiki wa Watu Weusi, kilichopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Inaaminika kwamba Priqueler ndiye aliyezileta habari hizo nyumbani. Wanakijiji walikuwa pia na picha moja mbele ya macho yao kila Jumapili. Kanisani mwao mna mchoro wa Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, na mmoja wao, Balthazar, ni mfalme mweusi. Huenda kwa wengi wao huyo ndiye Mwafrika pekee waliyewahi kumtazama usoni, naye alikuwa mfalme, amevaa kifalme.

Kilwa nayo imo

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusikisome kifungu hicho kama habari za watu wa mbali. Miaka 13 kabla yake, tarehe 14 Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Watu hao walipelekwa hasa katika visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Baadhi ya waliotolewa pwani hii walivushwa hadi Saint-Domingue, Haiti ya leo. Kwa hiyo miongoni mwa watu walioombewa na wakulima wa Champagney walikuwamo wazaliwa wa nchi zilizo nyuma ya Kilwa.

Ombi la Champagney halikuleta uhuru. Mashamba ya Saint-Domingue yalitikiswa na watumwa wenyewe, walioasi mwaka 1791. Bunge la Paris lilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Toussaint Louverture, kiongozi wa mapambano ya Saint-Domingue, alikamatwa na kufungwa katika ngome ya Joux, humohumo Franche-Comté, akafia gerezani tarehe 7 Aprili 1803. Utumwa ulifutwa moja kwa moja kwa amri ya 27 Aprili 1848, iliyoandaliwa na Victor Schoelcher. Hapo ilikuwa imepita miaka 59 tangu kifungu cha 29 kiandikwe.

Makaa ya mawe, vita na urithi

Kijiji kiliendelea na maisha yake. Makaa ya mawe ya Ronchamp na Champagney yaliwalisha watu wa bonde hilo kwa vizazi, na katika karne ya 20 yaliwaleta pia wachimbaji kutoka Poland, hadi migodi ilipofungwa mwaka 1958. Bwawa kubwa lilijengwa ili kulisha maji mfereji wa vyombo vya mizigo. Mwaka 1944 mstari wa vita ulisimama hapo kwa muda, na mizinga ikaipiga Champagney vibaya kabla ya kukombolewa mwezi Novemba. Katika mji jirani wa Ronchamp, kanisa dogo la mlimani lilibomolewa katika vita hivyo, na mahali pake Le Corbusier akajenga jingine, lililozinduliwa mwaka 1955 na sasa ni urithi wa dunia.

Mwaka 1971, kwa juhudi za mwenyeji René Simonin, kijiji kilifungua makumbusho yanayoitwa Nyumba ya Negritude na Haki za Binadamu. Mlezi wake alikuwa Léopold Sédar Senghor, mshairi na Rais wa Senegal wakati huo, mmoja wa waasisi wa negritude, yaani fikra za watu weusi kujivunia asili na utamaduni wao. Ndani mmejengwa mfano wa tumbo la meli ya watumwa, ili mgeni aone jinsi watu walivyobanwa chini ya sitaha. Leo Champagney, ngome ya Joux na nyumba ya Schoelcher kule Fessenheim ni vituo vya njia moja ya kumbukumbu mashariki ya Ufaransa.

Mara nyingi tunaambiwa tusiwahukumu watu wa kale, kwamba zama zao zilikuwa hivyo na hawakujua. Daftari la Champagney linakanusha hoja hiyo. Kama wakulima wa bondeni, mbali na bahari, waliweza kujua sukari inapatikana kwa gharama ya nani, basi mawaziri, wenye meli na masultani walijua zaidi. Walijua na wakaendelea, kwa sababu biashara ilikuwa inalipa. Vizazi vijavyo walivyovihofia wanakijiji wale ni sisi, na kesi waliyoitabiri iko mikononi mwetu. Haki inatutaka tutenganishe: tuwahukumu walionufaika, na majina ya wale waliosema ukweli tuyafundishe watoto wetu, Kilwa na Paris vilevile.