Uchomaji wa mafuta mwilini

Uchomaji wa mafuta ni namna mwili unavyovunja mafuta uliyoyahifadhi ili kupata nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4. Wanga huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni, akiba ya nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Akiba ya mafuta hufika kilo kadhaa hata kwa mtu mwembamba.

Kinachoishikilia akiba hiyo ni insulini, homoni ya kongosho. Ikipanda baada ya mlo, mafuta hutulia yalipo. Ikishuka, hasa adrenalini inapopanda wakati wa mazoezi, mafuta huvunjwa kuwa gliseroli na asidi za mafuta, ambazo hubebwa na damu hadi kwenye misuli na kuunguzwa kwa oksijeni ndani ya mitokondria. Kilo 10 za mafuta zikiungua, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kabonidioksidi. Zilizobaki huwa maji. Jasho si mafuta. Anayekimbia kuzunguka Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga akiwa amejifunga nailoni tumboni anapoteza maji, tena anajitia hatarini kwa joto.

Anayekwenda mwendo unaomruhusu kuzungumza hutumia mafuta kwa sehemu kubwa. Kadiri kasi inavyoongezeka, misuli huegemea glikojeni. Ndivyo ilivyo pia kwa mchimbaji mdogo wa Geita anapogonga mwamba kwa nguvu ndani ya duara, yaani shimo la mgodi.

Njia nyingine ya kuufanya mwili uegemee mafuta ni ulaji wa wanga kidogo sana, unaoruhusu chini ya gramu 50 za wanga kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi peke yake zina takriban 75. Kwa Usukumani, penye ugali, wali, na viazi vitamu vilivyokaushwa vya michembe na matobolwa, maana yake ni kubadili sahani nzima. Baada ya siku chache ini hugeuza asidi za mafuta kuwa ketoni, ambazo hulisha hata ubongo. Uzito unaoshuka haraka wiki ya kwanza huwa zaidi ni maji yaliyoshikamana na glikojeni, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tena, anayekula nyama na siagi kupita mahitaji yake huchoma mafuta ya sahani, kitambi kikabaki.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiache ugali ghafla kabla daktari hajapitia dozi yake: sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.