Jina la Kanga na Maelezo ya Picha

Katika Yakobi, mojawapo ya kata za mji wa Njombe, Kibena ni lugha ya nyumbani, lakini kanga huzungumza Kiswahili. Doti hupandishwa nyanda hizo kwa barabara inayochepuka Makambako kuelekea Songea, ikiwa na pindo, mji na jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Atakaye kuchunguza jinsi Waswahili wanavyoandika maneno machache ili wajibiwe, hana budi kuanzia hapo, kabla hajafika kwenye maelezo ya picha za Instagram na Facebook.

Kanga ilienea pwani mwishoni mwa karne ya 19. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikashika nafasi hati za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kutia misemo.

Siri ya misemo hiyo imo katika sarufi yake. "Japo sipati, tamaa sikati": kitenzi cha kwanza hakina yambwa. Hapati nini? Msomaji ndiye anayelijaza pengo hilo, na kila mmoja hulijaza kwa habari aliyo nayo kuhusu mvaaji. "Hasidi hana sababu" haimtaji hasidi. Jirani akikasirika, basi amejitaja mwenyewe. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" humwingiza msomaji ndani ya nafsi ya wingi bila kumwomba ruhusa. Hakuna hata jina moja kati ya haya linalouliza swali, ilhali siku hizi waandishi wa mitandao ya kijamii hushauriwa wamalizie kwa "Unasemaje?" au "Toa maoni yako". Ushauri huo ni dhaifu kuliko mapokeo yaliyokuwapo. Anayeombwa maoni waziwazi hujibu neno moja na kupita.

Hata hivyo, kanga ilikuwa na kinga ambayo simu haina. Mvaaji akiulizwa amemlenga nani, aliweza kusema amependa rangi tu, wala hakuna wa kumsuta, kwa kuwa maneno yalitungwa na mwingine na kuuzwa kwa wote. Maelezo ya picha hubeba jina la mwandishi, tarehe na saa. Hunakiliwa na kusambazwa hata yakifutwa. Tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania imeharamisha kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia ya kielektroniki. Kijembe kimerithiwa, pahali pa kukifichia hapakurithiwa.

Muda nao umebadilika. Aliyetaka kumjibu jirani kwa kanga ilimlazimu kungoja siku ya soko, kupekua madoti, kupatana bei na kulipa; siku kadhaa zilipita, na pengine hasira nayo.