Tyson alipigwaje na Buster Douglas?
Wadau, Tokyo, Februari 11, 1990. Tyson ana mapambano 37, hajapoteza hata moja. Watu wa kamari walimpa Douglas 42 kwa 1. Mpaka leo wengine wanasema bahati, mimi nakataa. Tyson alishamtimua kocha Kevin Rooney tangu 1988, akapunguza kuchezesha kichwa, akawa anasaka ngumi moja tu ya kumaliza kazi. Na Douglas ana mikono mirefu balaa, jabu inamkuta Tyson kabla hajasogea. Mama yake alifariki siku 23 kabla, jamaa angeogopa nini tena? Jicho la Tyson likavimba, kona yake hawana hata kifaa cha kukandia, wakatumia glavu ya mpira yenye maji ya barafu! Raundi ya 8 Douglas akadondoka, akaamka. Raundi ya 10 Tyson yuko sakafuni, anapapasa kinga ya meno.